Pumu ya Mtu Mwingine

3 Septemba

Mwanangu,

Salamu kutoka ghorofa ya tatu. Mimi ni mzima, magoti yangu si mazima, na hayo hatuyatarajii tena. Jirani wa ghorofa ya kwanza amejifungua mapacha kwa mara ya pili. Mumewe anapanda ngazi kama mtu aliyeibiwa. Msalimie mkeo. Mwambie kitambaa chake nimekipata, ni kizuri, ila rangi ile inamfaa mtu anayetaka kuonwa na ndege zinazopita.

Umeuliza kuhusu kimbunga. Ndiyo, wanakitangaza. Meya ametokea kwenye televisheni amevaa koti la mvua ndani ya ofisi yake, akatuambia tusiwe na wasiwasi na papo hapo tuhame. Tuhamie wapi, hilo hakuona haja ya kulisema. Mifereji ya mtaa huu imeziba tangu wewe unang'oka meno ya utoto, na kila meya huja kuikatia utepe mmoja. Huyu wa sasa anasema kosa ni letu, tunatupa chupa.

Sihami. Duka langu la miwani liko chini ya jengo hili, na droo zangu zimejaa macho ya watu. Kuna mwalimu mmoja asipoipata miwani yake wiki hii ataendelea kufundisha ukuta. Boksi za fremu nimezipandisha kwangu juu. Mashine ya kusagia lenzi ni nzito, nimeiweka juu ya kaunta na kuifunika nailoni.

Najua utaniuliza, kwa hiyo nakujibu kabisa: Nahodha wako yupo, hajafa. Ninaliona paa lake kila nikiosha vyombo, kama nilivyoliona miaka yote tangu aniache ahamie nyumba ya nyuma kwa yule muuza manukato. Wanaume wengine wakimwacha mke huhama mji. Huyu alihama uchochoro mmoja. Jana alikuwa juu ya paa na kofia yake ya unahodha, ananyoosha kidole angani, anamweleza Manukato upepo utatokea wapi. Mtu aliyekata tiketi za kivuko maisha yake yote, usukani hajaugusa hata kwa bahati mbaya. Na Manukato anatikisa kichwa kukubali, kwa heshima. Nadhani ndiyo kazi aliyoolewa kuifanya.

Usinipigie simu. Sikio langu na simu havielewani.

Shangazi yako

*

10 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amecheka sana kuhusu kitambaa, halafu akanuna. Duka la dawa linakwenda vizuri. Nimeongeza rafu upande wa dirishani. Huku juu ni kukavu, mpaka tunaota mvua.

Shangazi, nakuomba uache ubishi. Kila nikifungua redio wanaeleza kimbunga hicho kinavyonenepa. Mji wenu ulijengwa kwenye kinamasi na watu waliojua kabisa ni kinamasi, na mpaka leo wanajenga. Mimi nilishaudharau mji huo siku nyingi, ila wewe umo ndani yake. Panda basi. Chumba kipo, kitanda kipo, na hakuna mtu atakayekuuliza utakaa mpaka lini.

Na kama utakubali nikuombe jambo la pili: mpitie Nahodha umwambie naye ana mahali huku. Najua alivyokutenda. Lakini nilipoletwa kwenu yatima, wewe ndiye uliyenilisha na kunipiga, na yeye ndiye aliyeshika kiti cha baiskeli nyuma yangu akakimbia mpaka akakohoa. Siwezi kukisahau kiti kile.

Nijibu haraka.

Mwanao

*

2 Oktoba

Mwanangu,

Niko hai. Naanza na hilo ili usiruke mistari kulitafuta.

Barua yako ya kunitaka nipande basi imenifikia jana, imelowa na kukauka mpaka imekuwa kama kadibodi. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Mabasi yote ya kituo kile yapo bado kituoni, yameegemeana ubavu, na juu ya moja kuna mbuzi ambaye hakuna anayejua alifikaje. Kwa hiyo shukrani kwa ushauri.

Upepo ulikuja ukang'oa mabati, vioo, na mabango yote yenye sura ya meya, hilo la mwisho silihesabu kuwa hasara. Nilidhani yamekwisha. Asubuhi kukatulia, watu wakatoka kuchungulia, na hapo ndipo maji yalipokuja. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda uchochoroni taratibu kama mgeni anayejua nyumba, yakaingia dukani kwangu, nikayasikia yakifungua droo. Kufikia mchana mlango wa duka haukuonekana. Ghorofa ya kwanza walihamia kwenye ngazi na mapacha wao wote na magodoro yao yote, na mume yule akakaa chini akalia, akasema nepi zimebaki. Nikamwambia anyamaze, watoto wanajifunza.

Siku iliyofuata meya alipita na boti. Boti nzima ilijaa wapiga picha, ikakosa nafasi ya kumchukua hata mtu mmoja. Akatupungia mkono. Baadaye zimeletwa nguo za msaada: mimi nimepewa gauni la dansi lililo wazi mgongoni. Nimelifanya pazia. Mtu aliyelituma, huko aliko, analala vizuri, anajiona ametuokoa.

Maji yamekwisha kushuka, yameacha tope linalonuka kama dhambi za mtu mwingine. Tunachemsha maji, tunakula biskuti za msaada, tunalala. Mashine yangu ya lenzi nimeikuta imelala kifudifudi. Nitaiinua.

Nitumie pampu za pumu, zile za kuvuta kwa mdomo. Zile nzuri, si za bei rahisi zinazotoa hewa tupu. Tuma kwa mkono wa huyu muuguzi aliyebeba barua hii, anarudi huku. Usiulize maswali.

Nahodha wako sijui aliko.

Shangazi yako

*

14 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo, na mara elfu shikamoo. Nilipoona mwandiko wako nilifunga duka nikakaa nyuma ya rafu. Mke wangu alilia akasema hata ile habari ya kitambaa ameisamehe.

Pampu nimekutumia, za kutosha. Hukutaka niulize, lakini mimi ni mfamasia: wewe huna pumu. Hujawahi kuwa na pumu. Unapanda ngazi ukiwa unamtukana mtu bila kupumzika. Ni nani anaumwa hapo kwako? Na ni akina nani hao "tunaochemsha" maji?

Huku kwetu tuko salama, nyumba imechangamka kidogo. Watu wa huku wamekuwa na moyo mzuri sana kwa waliotoka mafurikoni. Wanajua kwamba wako waliopoteza wapenzi wao mbele ya macho yao, wakaonyesha ushujaa ambao sisi tuliokaa pakavu hatuwezi kuufikiria. Si wote huko walikuwa watu wa kudharauliwa, Shangazi.

Nina ombi moja dogo la kazi. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu amepoteza miwani ya kusomea. Huku hakuna fundi wa maana. Lenzi ya kushoto iwe na nguvu karibu mara mbili ya kulia, na daraja la fremu liwe pana kwa sababu pua yake ilivunjika zamani. Ukipata nafasi, haina haraka.

Mwanao

*

27 Oktoba

Wewe,

Sikusalimii. Salamu zako ziko mwishoni ukizistahili.

Mzee mmoja mtaani kwenu. Mimi nimesaga lenzi za macho yale tangu nikiwa msichana, na pua ile ilivunjikia jikoni kwangu, kwenye mlango wa kabati, na kabati halikuwa na kosa. Ulidhani nitaisahau? Ulimficha nyumbani kwako, ukala naye, ukamnyooshea kitanda, halafu ukanitaka mimi nimtengenezee miwani. Ungeniomba na soksi zake nizifue.

Basi na mimi nitakwambia niliyokuwa nakuficha. Na jua hili: sikukuficha kwa kumhurumia yeye. Nilikuwa nakuhifadhia yule mtu wa baiskeli, kwa kuwa nilijua hukuwa na baba mwingine wa kumkumbuka.

Mwenye pumu ni Manukato. Yuko hapa, analala chumba chako cha zamani, anakoroma, anaosha sahani kama anazibembeleza, na kila kitu ndani ya nyumba hii sasa kinanukia waridi juu ya tope. Sijampenda. Lakini yuko hai, na si kwa sababu ya mume wake.

Siku ile ya maji mimi nilikuwa dirishani jikoni. Wao wawili walikuwa wamepanda juu ya paa lao la zege. Manukato alikuwa amejikunja nyuma ya tangi, upande wa kukinga upepo, kifua kimembana. Nilimwona anavyoinua mabega kutafuta hewa. Nahodha alikuwa amesimama mbele, na kofia yake, kama sanamu ya kumbukumbu ya kitu ambacho hakikutokea. Ikaja boti ya waokoaji, imejaa. Mwenye boti akapunguza mashine, akapaza sauti, na kelele zile ndizo zinazofika vizuri kwenye sikio langu bovu:

"Nina nafasi moja tu. Mko wangapi hapo?"

Nahodha akasema, "Niko peke yangu."

Nilipiga sufuria kwenye nondo za dirisha. Nikapiga kelele, "Kuna mwanamke nyuma ya tangi." Mashine ikaungurumishwa, mwenye boti hakunisikia. Lakini Nahodha alinisikia. Aligeuka akanitazama, mimi na sufuria yangu, tukatazamana kama tulivyokuwa tukitazamana mezani. Kisha akaiweka kofia sawa, akashuka ndani ya boti, akakaa katikati ya kina mama na watoto. Hata kando hakukaa.

Maji yalikuwa yanapanda bado. Dereva wa lori wa ghorofa ya pili ana tyubu ya gurudumu, kubwa. Nikaenda mlango kwa mlango nikakusanya kamba za kuanikia nguo, na nguo nyingine zikiwa bado zimebanwa. Mume wa mapacha akaniuliza, "Kwa ajili ya yule? Si ndiye aliyekunyang'anya mume?" Nikamwambia, "Ndiye. Shika hapa." Tukaziunganisha, dereva akajifunga kiunoni, akaingia kwa dirisha la ngazi na tyubu yake. Uchochoro ule unaujua, mtu anauvuka kwa kupiga chafya. Siku ile maji yalimzungusha mpaka nikadhani tumempoteza na yeye. Alipofika, Manukato alikataa kuachia bomba la tangi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Dereva akamkunjua vidole kimoja kimoja.

Tulivuta, watu wote wa ngazi ile. Viganja vyangu vilichubuka, mpaka leo nashika kalamu kwa shida, kama unavyoona mwandiko. Tulipomwingiza dirishani akaniangalia, akajaribu kusema. Nikamwambia, "Usinishukuru, huna pumzi ya kupoteza." Akazimia. Vizuri, nilikuwa sina la kuongeza.

Huyo aliyesema yuko peke yake ndiye mzee wa mtaani kwenu. Soma tena.

Salamu za mkeo ziko palepale, yeye hana kosa.

Shangazi yako

*

9 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu anakusalimu. Sijui nianze wapi.

Nahodha alifika kwetu akiwa na homa, miguu imepasuka, anatetemeka. Alituambia Manukato amekufa. Alisema maji yalimtoa mikononi mwake, kwamba alimshika kwa nguo na nguo ikachanika. Alilia mpaka mke wangu akalia. Majirani walikuja kumpa pole, tukakaa naye kwenye mkeka siku za msiba kama inavyotakiwa. Mimi mwenyewe nilimshika bega.

Barua yako nilimsomea. Niliisoma yote, hata habari ya pua. Aliomba chai. Alipomaliza kunywa akasema, "Shangazi yako namjua. Maji yamemchanganya. Anaishi na mtu aliyekufa na anadhani anaosha naye vyombo. Mwonee huruma, usimjibu vibaya."

Alisema kwa upole sana. Ndiyo maana nimeshindwa kulala.

Halafu kuna jambo jingine. Halmashauri ya huku imeandaa hafla ya kuwapongeza mashujaa wa mafuriko waliopokelewa mjini kwetu, na Nahodha ndiye wa kwanza. Ameshahojiwa redioni. Anasema aliwabeba kina mama na watoto kuwapandisha kwenye boti kabla hajapanda yeye. Mimi nimo kwenye kamati. Kadi zimeshachapwa, na mimi ndiye niliyependekeza jina lake.

Shangazi, umemchukia mtu huyu miaka mingi, na chuki ya siku nyingi huweza kuona mambo. Nisamehe kwa kuuliza. Niambie kwa moyo safi: Manukato yupo kweli?

Mwanao

*

18 Novemba

Mfamasia,

Umeniuliza kama ninaishi na maiti. Nimekulea mimi, nikakufunza kusoma kwa vibandiko vya chupa, ukaja kuwa mtu mwenye koti jeupe, na mtu mmoja mwenye kofia amekunywa chai yako akakuondolea akili kwa maneno matatu ya upole. Hamkuuliza hata kaburi la mtu mliyemkalia msiba, mkala na wali.

Sina ushahidi wa kukutumia. Manukato aliisoma barua yako kabla yangu, ana tabia hiyo ya kufungua bahasha za watu. Alimaliza kupangusa meza, akaingia chumbani, asubuhi akatoka amevaa lile gauni la msaada, pazia langu, amelishonea mgongo kwa kitambaa cha mkeo, kile cha kuonwa na ndege. Kimekaa vizuri, nachukia kusema.

Akaniuliza, "Basi la kwenda huko linatoka wapi siku hizi?"

Nikamwambia, "Unakwenda kufanya nini kwa mtu yule?"

Akasema, "Kuna swali moja."

Sikumtuma na sikumzuia. Nimempa pampu mbili na mkate. Kadi zenu zilizochapwa msizitupe, huenda mkazihitaji kuwashia moto.

Shangazi yako

*

3 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kila kitu kama kilivyotokea, kwa sababu najua Manukato atakusimulia nusu.

Alikuja moja kwa moja dukani. Nilikuwa namhudumia mteja, nikainua kichwa, nikamwona mlangoni na gauni lile, anahema kwa sababu ya mlima wa kutoka stendi. Mteja alidhani nimeugua. Manukato akasema, "Habari za msiba wangu?" Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya kawaida, kama anamwuliza mtu habari za kazi. Mke wangu alipomwona alikaa chini sakafuni.

Hafla ilikuwa alasiri ile ile. Nilimwambia nitaisimamisha. Akakataa. Akasema nimpeleke tu, akae nyuma.

Ukumbi ulijaa. Walimu, wauguzi, watu wa sokoni, wote wenye huruma zao. Nahodha alikuwa jukwaani na suti yangu. Alianza vizuri sana, Shangazi, lazima nikubali. Hata mimi niliyejua nilihisi maji yanapanda. Alifika pale nguo inapochanika, akavua kofia. Watu wakaanza kufuta macho. Manukato akasimama, akapita katikati ya viti, taratibu, kwa sababu hana pumzi ya kwenda haraka.

Nahodha alimwona akiwa bado mbali. Nilikuwa namtazama usoni. Nilitaka nione aibu. Niliona mtu anayepiga hesabu. Kisha akapanua mikono, machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu zangu, mke wangu yu hai." Ukumbi ukalipuka. Watu walikumbatiana. Mwenyekiti wa halmashauri alilia kama mtoto. Nahodha akashuka ngazi za jukwaa, akamkumbatia, akampandisha, akamwambia, "Waambie, mama. Waambie ulivyookoka."

Akampa kipaza sauti yeye mwenyewe. Sijui alifikiria nini. Nadhani alizoea kwamba Manukato hutikisa kichwa.

Manukato alisubiri makofi yaishe. Akasema, "Nimevutwa na mke wake wa kwanza, kwa kamba za nguo. Huyu alimwambia mwenye boti yuko peke yake. Mimi nilikuwa hapo nyuma, nilimsikia." Hakupaza sauti. Kwa muda watu waliendelea kutabasamu, kwa sababu nyuso zao zilikuwa hazijapata habari.

Mwenyekiti akanigeukia mimi, mtu wa kamati. "Mfamasia, hii ni kweli?"

Nikasimama. Nikasema ni kweli. Nikasema pia kwamba nimelijua tangu barua yako ya Oktoba. Mke wangu alinishika mkono nilipokaa, lakini hakunitazama.

Watu waliondoka bila keki. Manukato na Nahodha walibaki jukwaani. Nilimwona Manukato amemsogelea, anamwuliza jambo, na Nahodha anamjibu kwa neno moja au mawili. Sikusikia. Halafu Manukato akashuka akaniomba nimpeleke stendi. Njiani alinunua machungwa.

Nahodha alirudi nyumbani akala chakula cha jioni kama kawaida. Akaniambia, "Wanawake wawili wakikubaliana, mwanaume hana pa kwenda." Nilimwangalia anavyotafuna. Nilimtafuta yule mtu wa baiskeli, Shangazi, nikamwona bado yumo humo humo, mikono ni ile ile, na hilo ndilo lililonishinda. Asubuhi nilimpeleka kwa dada yake. Nilimwachia suti. Hatukuagana vibaya, hatukuagana tu.

Sijui nikuombe nini. Manukato amefika salama? Na alimwuliza nini?

Mwanao

*

15 Desemba

Mwanangu,

Salamu. Mkeo mwambie kitambaa chake kimepanda jukwaani kabla yake. Mapacha wakubwa wameandikishwa shule, wadogo wameanza kulia kwa zamu. Meya amekuja tena kukata utepe wa mfereji. Dereva wa lori alimwazima mkasi, halafu akakataa kumrudishia utepe, ameufungia tyubu yake. Mashine ya lenzi inazunguka, ingawa inapiga kelele ya kujilaumu.

Manukato alifika salama. Aliweka machungwa mezani, akavua viatu, akalala mpaka siku ya pili. Nilidhani anaumwa, nikaenda kusikiliza mlangoni mara kadhaa, si kwa mapenzi, ni kwa sababu mtu aliyekwisha kukaliwa msiba akifa mara ya pili sina pa kumpeleka.

Alipoamka nilimwuliza kama ulivyoniuliza wewe. Aliniambia akiwa anamenya chungwa. Anasema kilichokuwa kinamkosesha usingizi wiki zote zile si boti. Alikuwa anajiuliza kama Nahodha alikuwa na hofu kiasi kwamba alimsahau. Mtu akiogopa anaweza kusahau hata jina lake, na mtu wa namna hiyo ungeweza kurudi kwake, ukampikia, ukanyamaza. Mimi sikujua kabisa kwamba alikuwa ananyamazia jambo kama hilo chumbani kwako. Nilidhani anakoroma tu.

Kwa hiyo alimwuliza, "Pale juu ya paa, ulinisahau au ulinikumbuka?"

Na Nahodha akasema, "Nilikukumbuka."

Ndivyo alivyojibu. Sijui ni kwa nini, mtu aliyedanganya ukumbi mzima, alishindwa kudanganya hapo. Labda alichoka. Manukato alikula chungwa lote, akapangusa mikono, akasema katika miaka yote hilo ndilo neno la kwanza la Nahodha ambalo hakulazimika kulitikisia kichwa. Kisha akashuka dukani kukwangua tope. Anakwangua vibaya, analipeleka pembeni badala ya kulitoa nje, lakini anakwangua.

Wewe bado sijamaliza na wewe. Ulisimama ukasema ni kweli, sawa, ulisimama ulipoulizwa. Ungesimama kabla ningekusifu, na hujazoea kusifiwa na mimi, ungeugua. Likizo ya mwaka mpya uje. Usije na zawadi wala maneno. Njoo na viatu vya mpira na koleo, ukuta wa nyuma wa duka una tope mpaka kifuani na sisi wawili tumezeeka. Chumba chako kina mtu, utalala sebuleni, na utavumilia harufu ya waridi kama ninavyoivumilia mimi.

Shangazi yako